Ndalahwa Alipobaki Pangoni

Minza, mjukuu wangu, alinipigia simu kutoka Mwanza akaniambia yeye na wenzake wanatengeneza gemu. Gemu kubwa, anasema, yenye nchi nzima ndani yake, milima, mapango na majoka, na mchezaji anakwenda anakotaka mwenyewe. Wamekwama mahali pamoja tu: hawajui wachezaji wanataka nini. "Bibi," akasema, "si wewe uliyekuwa na banda la gemu Rwamgasa? Tuandikie basi." Nikamwambia shule yangu iliishia darasa la tatu. Akasema, andika unavyoongea.

Haya, naongea. Mkiona nimeruka huku na kule, vumilieni. Mimi miaka siikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni majina ya watu.

Ilikuwa miaka ya tisini na kitu, watu wanamiminika Rwamgasa kutafuta dhahabu. Mimi nilikwenda Kalangalala, pale Geita mjini, kununua cherehani. Nilishajiwekea mpango wangu, nitashona suruali za wachimbaji, maana suruali ya mchimbaji haimalizi mwezi magotini. Nikaingia dukani kwa Mama Zehra, yule Mhindi aliyekuwa akiuza baiskeli, sufuria, redio na misumari kwenye chumba kimoja. Nikakuta wanawe wamewasha televisheni juu ya kaunta na wanacheza gemu. Walikuwapo wanaume wawili, mmoja Lugwisha fundi seremala, mwingine nduguye Sayi. Walikuja kununua misumari. Walikuwa wamesimama pale midomo wazi, misumari wameisahau, na Sayi alikuwa anamfokea mtoto wa Mama Zehra, "Ruka! Ruka we mtoto, utatuulia mtu!"

Nikajisemea moyoni, cherehani anaikalia mtu mmoja. Hiki kitu mmoja anakikalia na kumi wanasimama nyuma yake. Nikarudi Rwamgasa bila cherehani.

Mama Zehra ndiye aliyenifundisha kazi. Alikaa na mimi mchana mzima akanionyesha waya upi unaingia wapi. Kaseti ya gemu ikikataa kusoma, usiipulize. Wote mnapuliza, najua, hata leo mnapuliza. Mate yanaleta kutu kwenye yale meno ya shaba. Chukua pamba, chovya kwenye spiriti kidogo, pangusa, acha ikauke, ndipo urudishe. Jenereta uliwashe kwanza, lishike mwendo wake, ndipo uwashe televisheni, na mwisho kabisa mashine. Wakati wa kuzima unarudi kinyume. Yusufu wa banda la jirani aliwasha vyote kwa pamoja, akaunguza televisheni siku ya kwanza, akarudi kuuza mkaa.

Na mimi nilikosea kwangu. Rwamgasa vumbi lake unalijua, makarasha yanasaga mawe toka asubuhi, ukianika shuka jeupe unaanua jekundu. Basi mimi nikaifunika ile mashine kwa khanga nzito huku inafanya kazi, kama unavyofunika maziwa. Picha ikaanza kuchezacheza, halafu ikazima. Nikaibeba hadi Kalangalala roho mkononi. Mama Zehra akaigusa, akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Kulwa, hii si mtoto mchanga! Mbona unaivika? Inataka kupumua." Toka siku hiyo nilikuwa naifunika ikiwa imezimwa tu.

Mlangoni niliweka ndoo ya maji na sabuni. Huoshi mikono, hushiki pedi, kile kidude cha kubonyezea. Mchimbaji anatoka mwaloni kuosha dhahabu, mikono ina zebaki na tope, atashikaje kitu anachoshika mwenzake kisha huyo mwenzake akale ugali? Walinung'unika siku mbili tatu, wakazoea. Nyamizi, mama ntilie wa kibanda cha pili, alikuwa ananishukuru, maana waliotoka kwangu walikuwa wanakaa mezani kwake mikono imeshatakata.

Muda wa kucheza nilikuwa naupima kwa redio. Sikuwa na saa ukutani, na saa ya mkononi watu wanaibishia. Nilikuwa naweka kanda ya muziki, na upande mmoja ukiisha ile redio inalia ta! Zamu yako imekwisha. Hakuna wa kubishana na redio. Tatizo lilikuwa moja tu, mchimbaji mmoja, Shija, alikuwa anataka wimbo mrefu kila mara.

Sasa nije kwenye ile gemu yenyewe.

Jina lake la kweli lilikuwa la Kiingereza, hakuna aliyeweza kulitamka, tukaiita Safari ya Upanga. Unakuwa na mtu wako ana upanga, unatembea kwenye nchi yenye misitu na vijiji, unapigana na mazimwi, unanunua ngao dukani, na wanafuatana na wewe wenzako wawili. Ukifika kijijini unalala nyumba ya wageni, na hapo ndipo mashine inapotunza ulipofikia, maana ile kaseti ilikuwa na betri ndogo tumboni. Kesho yake unaamka palepale ulipolala. Ila ilikuwa inatunza safari moja tu, na safari ile ilikuwa ya kundi la Masanja.

Masanja alikuwa msimamizi wa duara moja lililokuwa nyuma ya soko. Duara ni shimo la kuchimbia, kwa mtoto wa Mwanza asiyejua. Chini yake alikuwa na Shija, aliyekuwa anazungusha winchi na kuongea bila kupumzika, na Ndalahwa. Ndalahwa ni mtoto wa marehemu dada yangu Kabula. Nimemlea mimi toka ana meno ya maziwa, na alikuwa ananiita mama. Kazi yake duarani ilikuwa kushuka wa kwanza asubuhi. Anagonga matimba, yaani ile miti inayozuia kuta, anagonga na mwamba, anasikiliza. Akisema ndiyo, wenzake wanashuka. Akisema hapana, hakuna anayeshuka, hata mwenye duara aje na pikipiki yake kupiga kelele.

Siku ya kuanza safari mashine iliuliza majina. Aliyejua kuandika kwa yale mapedi alikuwa Paskali, kijana wa Ushirombo aliyefika kidato cha pili, ndiye aliyekuwa anatutafsiria Kiingereza chote. Masanja akamwambia, "Andika sisi." Basi mwenye upanga akawa Masanja, mwenye mkuki akawa Shija, na yule mwenye taa, anayetangulia kwenye giza, akawa Ndalahwa. Walifurahi kama watoto. Walikuwa wanacheza kwa zamu kama kazini, anayetoka anampa habari anayeingia. Nawasikia mpaka leo: "Nimekuachia kwenye daraja. Dawa zimebaki kidogo. Kushoto kuna buibui mkubwa, usimsogelee, pita kwa mzee wa kisimani."

Miezi ikapita hivyo, na hakuna mtu wao aliyekuwa ameanguka hata mara moja. Wachimbaji ni watu wa tahadhari. Wakiona damu ya mmoja imeshuka wanatoka nje kumtibu.

Siku moja mchana wakaingia kwenye pango moja kubwa upande wa mashariki. Zamu ilikuwa ya Masanja. Ndalahwa mwenyewe alikuwa kwenye benchi la nyuma anakula karanga. Likatokea joka, sijui lilitokea wapi, likamkanyaga yule mwenye taa kabla hata Masanja hajainua upanga. Likapigwa, likafa. Maandishi yakaja, Paskali akayasoma: "Ndalahwa ameanguka."

Watu wakacheka. Shija akasema, "Poleni wafiwa."

Pale kwenye kioo yule mtu alikuwa amelala kifudifudi, taa yake pembeni. Masanja alibonyeza hapa, akabonyeza pale, haamki. Na redioni nilikuwa nasikia wimbo wa mwisho umeanza. Masanja akageuza watu wake wawili, akaanza kutoka nje mbio ili awahi kulala kijijini.

"Masanja," Ndalahwa akaita toka nyuma. "Unakwenda wapi?"

"Natoka, kanda inaisha."

"Na mimi?"

"Wewe si uko hapo unatafuna karanga?"

Wakacheka tena. Ndalahwa hakucheka. "Paskali, huyo aliyelala hapo umemwandika nani?"

Paskali akakwaruza kichwa. "Ndalahwa."

"Basi nauliza tena. Unakwenda wapi, Masanja?"

Masanja alikuwa ameshafika mdomoni mwa pango. Akafika kijijini, akalala, mashine ikatunza. Redio ikalia ta! Ndalahwa akazitia mfukoni karanga zilizobaki, akatoka bila kuniaga.

Ninyi mtaona ni utoto. Ngoja niwaambie jambo la kule. Mtu akibaki chini, udongo ukimwangukia, Rwamgasa yote inasimama. Si duara lake tu. Maduara ya jirani yanaacha mawe yao, watu wanakuja na winchi zao na sululu zao, wanachimba mpaka atoke. Hata kama kila mtu anajua hayuko hai. Hawali mpaka atoke. Watu wanaogombana, walioibiana viroba vya mawe wiki iliyopita, wanashika kamba moja. Hiyo ndiyo sheria yetu, haijaandikwa mahali, na bila hiyo hakuna mwenye akili angeingia kwenye lile shimo.

Kesho yake alfajiri Ndalahwa hakwenda duarani. Nikamkuta anakunja godoro lake.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwa Lubango, kule mlimani. Anatafuta watu."

Nikaketi. Duara la Lubango tulikuwa tunalijua sote. Matimba yake yalikuwa ya miti iliyooza, kuta zinamwaga mchanga hata mvua haijanyesha. Nikamwambia, "Lubango hana hata mtu wa kugonga matimba. Utakwenda kufa."

"Kule hawanijui, mama. Wakiniacha sitashangaa."

"Ndalahwa, ile ni gemu!"

"Najua ni gemu. Mimi si mwehu." Akafunga kamba ya godoro. "Lakini mkono ni ule ule wa Masanja. Umegeuka haraka mno. Hakufikiri hata kidogo. Nimeuona."

Kilichoniuma ni kwamba na mimi nilikuwa nimeuona.

Masanja akaja asubuhi ile, kofia ameshika mkononi. "Shikamoo mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma.

"Marahaba."

"Mwambie huyu ndugu yangu aje. Watu wamekaa juu ya shimo, hakuna anayetaka kushuka kabla yake."

Ndalahwa akajibu mwenyewe toka ndani. "Waambie washuke na yule mwenye taa."

"Mtu mzima unasusa kwa ajili ya picha?"

"Jina mliandika nyie. Mimi sikuomba."

Masanja akaondoka kakasirika. Lubango alikuwa amesema atamchukua kesho yake. Mimi nikamwomba Ndalahwa jambo moja tu, asiondoke siku ile, aje bandani anisaidie na jenereta lililokuwa linakohoa. Jenereta halikuwa na ugonjwa wowote.

Sasa siku ileile, mchana, Mama Zehra akaja Rwamgasa na gari lao dogo kuleta kreti za soda. Akaingia bandani, akajipepea na ncha ya mtandio. Watu walikuwa wamejaa, maana duara la Masanja lilikuwa limelala.

"Mama Kulwa, kaka yangu yuko Dubai," akasema. "Anasema zinakuja gemu mpya za namna hii, za kutembea nchi nzima. Atanunua moja tu, zina bei. Anauliza wachezaji wanataka nini ndani. Nimwambie nini?"

Loo! Angelijua asingeuliza. Kelele zilizozuka pale, mtu angedhani dhahabu imeonekana. Lakini nawapa yote, Minza, maana ndiyo mliyoniuliza.

Shija akawa wa kwanza. "Ule mlima! Kila siku nauona ule mlima una theluji, nikienda nagonga hewa. Kwa nini unionyeshe mlima nisiofika? Ninachokiona nikifikie. Au usiniwekee kabisa."

Paskali akasema, "Mimi nataka watu wakumbuke. Yule mzee wa kisimani, kila siku 'Karibu msafiri, mashariki kuna hatari.' Hatari ya mashariki tumeiua mwezi uliopita! Tumepita na kichwa chake mbele ya macho yake! 'Karibu msafiri, mashariki kuna hatari.' Mzee gani huyo?"

"Ni babu yako wa Ushirombo," mtu akasema, ni Sayi yule wa misumari, watu wakaanguka vicheko.

Mzee Ngassa, aliyekuwa anakuja kutazama tu, hajawahi kushika pedi, akainua fimbo. "Nina swali. Yule kijana ameua joka, amepewa binti wa mfalme. Ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe gani, mzee?"

"Wa kumuolea! Sijaona hata ndama. Hiyo si ndoa. Mwambie huyo wa Dubai waweke ng'ombe, na wawe wanazaa."

Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni na sahani. "Na ale. Anatembea toka asubuhi, anapigana, hajala hata kiazi. Mtu gani huyo?"

"Aah, Nyamizi," Shija akamwambia, "njaa ninayo mimi mwenyewe, nimlishe na yule?"

"Ndiyo umlishe! Utajua uchungu wa kupika."

Wachimbaji wote walikubaliana jambo moja. Yale mapango yana mawe yanang'aa ukutani, njano kabisa, na hakuna sululu ya kuyachimba. Hilo liliwatia hasira kuliko majoka. Walitaka kuchimba popote, na wakute au wakose, kama kweli. "Na wakose," Masanja akasisitiza. Alikuwa amekaa pembeni amenuna, lakini hapo hakuweza kunyamaza. "Kama kila ukichimba unapata, hakuna atakayecheza wiki mbili."

Mama Zehra mwenyewe akawa na lake. "Lile duka lao, mtu anaingia, anaona bei, analipa, anatoka. Hakuna kupatana? Hilo si duka. Mimi nikienda hivyo nitafunga."

Watu wakampigia makofi. Akageuka kutaka kwenda, akamwona Ndalahwa amechutama kwenye mlango wa nyuma karibu na jenereta. "Na wewe? Husemi kitu?"

Ndalahwa akajifuta mikono. "Mwenzako akianguka, uweze kumbeba."

Watu wakamgeukia Masanja.

"Umbebe mgongoni," akaendelea, "na iwe nzito. Usiweze kukimbia. Usiweze kushika upanga. Lakini umtoe."

Mama Zehra hakujua kilichotokea jana yake, lakini aliona nyuso. Akasema polepole, "Hiyo nitamwambia aiulizie kwanza." Akapanda gari, akaenda zake.

Masanja alikaa hapohapo. Halafu akainuka, akaenda kwenye ndoo, akaosha mikono. Akaosha hadi viwiko, kama anataka kula na wakwe. Akarudi, akachukua pedi.

"Mayu, weka kanda."

Nikaweka.

Akaamsha watu wake pale kijijini. Hakununua dawa, hakupita kwa mzee wa kisimani. Akashika njia ya mashariki moja kwa moja. Watu wakajua anakokwenda, wakajipanga nyuma yake. Ndalahwa hakusogea mlangoni pake, ila jenereta aliliacha.

Pangoni kulikuwa giza maana mwenye taa hayupo. Masanja alikuwa anapapasa ukuta kwa ukuta. Akamfikia. Yule mtu alikuwa bado amelala vilevile, kifudifudi. Masanja akabonyeza kila kitu kilichokuwa kwenye ile pedi. Akamzunguka. Akajaribu kumsukuma. Akajaribu kumpa dawa moja aliyokuwa nayo. Hakuna.

"Haiwezekani," Paskali akasema. "Kaka, toka. Wameanza kuja."

Kweli vilikuwa vinakuja vile vidudu vya pangoni, vinatoka kwenye kuta.

"Nikibaki?"

"Mkianguka wote, safari imekwisha. Niliisoma kwenye karatasi ya boksi. 'Wote wakianguka, safari yenu imekwisha.' Baada ya hapo panya walikula, lakini hiyo niliisoma. Yote yanapotea, kaka. Toka mlipoanza. Ngao, upanga, yote."

Ilikuwa miezi yao yote ile. Watu wengine wanadhani ni mchezo, lakini walikuwa hawana nyumba pale, hawana wake pale, walichokuwa wamekijenga Rwamgasa kikasimama kilikuwa ndani ya ile kaseti.

Masanja akamwangalia Shija. Shija akasema, "Mimi niko na wewe. Kwanza ule mlima wenyewe haufikiki."

Masanja akamsogeza mtu wake, akamweka karibu kabisa na yule aliyelala. Akamsogeza na Shija upande wa pili. Halafu akaiweka pedi chini, kwenye udongo, akaondoa mikono.

Vile vidudu vikafika. Mwenye mkuki akaanguka kwanza. Paskali akasoma, sauti ndogo: "Shija ameanguka." Mwenye upanga akasimama kidogo, naye akaenda chini. Hilo Paskali hakulisoma. Kioo kikawa cheusi.

Nilimtazama Masanja. Alikuwa anatazama mikono yake.

Mara nikasikia kinanda. Ule wimbo wa nyumba ya wageni, tulikuwa tunaujua hata usingizini. Kioo kikawaka taratibu, na pale kwenye vitanda walikuwa wamelala watu watatu. Watatu! Wa tatu ana taa kitandani kwake. Paskali akayavamia maandishi: "Wamewaokota... nusu ya sarafu zenu zimepotea... pumzikeni." Hiyo ndiyo sehemu waliyokula panya.

Kelele! Mzee Ngassa alipiga fimbo benchi likavunjika. Masanja akaokota pedi, akawatoa nje watu wake, wote watatu wanafuatana, na wa kwanza kukutana naye ni mzee wa kisimani. "Karibu msafiri," Paskali akasoma huku machozi ya kicheko yanamtoka, "mashariki kuna hatari."

Ndalahwa akaja mpaka mbele. Akasimama, akakitazama kioo, akatoa zile karanga za jana mfukoni, akamwekea Masanja kwenye kiganja.

"Kesho mnashuka saa ngapi?"

"Saa zilezile."

"Sawa."

Yaliisha hivyo. Asubuhi alishuka, akagonga, akasema ndiyo. Godoro nililikunjua mimi mwenyewe. Lubango alipata watu wengine, na masika yalipoingia lile duara lake lilijifunika. Mungu saidia ilikuwa Jumapili, watu wako kanisani.

Ile gemu ya Dubai ilikuja. Ilikuwa na farasi, ilikuwa na mvua inayonyesha kweli, na dukani ungeweza kuomba upunguziwe. Ng'ombe hawakuwemo, Mzee Ngassa alisikitika. Na mwenzako akianguka alikuwa anapotea kama moshi, hata mahali pa kumrudia hupaoni. Mama Zehra alisema, "Ya kubeba nimeulizia mpaka wamenicheka." Wakaicheza siku chache kwa ajili ya farasi. Kisha Shija akaniambia, "Mayu, turudishie ile yetu."

Nilikuwa nimefikia hapa kuandika, Jumapili Minza akaja mwenyewe Geita na kompyuta yake ya kubeba, anionyeshe walipofikia. Ndalahwa yuko hapa kwangu siku hizi, kifua kinamsumbua, vumbi lile la mawe halitoki. Tukakaa wote watatu. Nchi yao nzuri jamani, usinione nasema tu. Mlima una theluji na unafika juu. Minza akaingia pangoni na watu wanne, wakapigana, mmoja akaanguka. Minza akageuka kuondoka.

"Minza," Ndalahwa akaita. "Unakwenda wapi?"

"Natoka nje, mjomba."

"Huyo anaitwa nani?"

"Hana jina. Ni askari tu."

Ndalahwa akakohoa, akatulia. "Mwandike Minza. Halafu ondoka, tuone."

Minza akacheka, akaandika jina lake. Mimi nikaenda jikoni kutazama maharage yangu. Niliporudi na sahani, alikuwa bado hajatoka pangoni.